Mpaka Kidonda Kipone

Suruali ya Pandu ililetwa baada ya sala ya alasiri, imekunjwa vizuri kama nguo ya sikukuu, na aliyeileta hakutaka kukaa.

"Karibu jamvini, Mzee Ngwali," alisema Kazija, akijipangusa unga wa muhogo mikononi.

"Nshakaribia." Ngwali, msimamizi wa shamba la Bwana Othman hapo Mgogoni, alisimama kizingitini na viatu vyake miguuni. Aliitupa suruali juu ya jamvi. "Mumeo atavaa hino siku ya mashindano. Kikimpwaya kiuno, punguza. Bwana hataki mtu wake aonekane kama kavaa gunia."

Kazija aliikunjua. Ilikuwa suruali ya kupandia farasi, ya kitambaa kigumu cha rangi ya mchanga. Kwenye paja la kushoto palikuwa na mshono mrefu wa uzi ambao haukulingana na kitambaa. Aliujua mpasuko ule. Mwaka uliopita aliuona ukiwa wazi na una damu, na Pandu akiwa ndani ya suruali, amelazwa juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa mabegani na wanaume. Watu walipokiona kitanda kinakuja walianza kusema "Inna lillahi", mpaka Pandu alipoinua mkono kuomba maji.

"Na Pandu mwenyewe hali yake?" aliuliza.

"Yuko Wambaa kwa dada yake. Anatembelea fimbo. Nyonga haikuunga vizuri." Ngwali alikohoa. "Hayo yamepita."

Wakati huo Silima alikuwa akitoka bandani, ndoo mkononi, miguu ina majani. Yeye ndiye saisi wa Bwana Othman, mtunza farasi. Aliiona suruali mikononi mwa mkewe, akaweka ndoo chini polepole.

"Shikamoo, Mzee Ngwali."

"Marahaba. Bwana kasema utapanda weye."

"Mie saisi, Mzee. Kazi yangu kulisha, kuosha na kumtembeza. Mpandaji ni mtu mwengine."

"Huyo mtu mwengine yuko wapi? Tangu Pandu aanguke, farasi hamkubali mtu. Juzi kamuuma bega mtoto wa Bwana. Akikubali mmoja tu, basi huyo mmoja ndiye mpandaji."

"Na asipomaliza mashindano?"

"Atauzwa. Bwana kachoka kuchekwa na mabwana wa Wete. Na farasi akiuzwa, saisi wa nini?" Ngwali aliinua macho akaitazama dari ya makuti, ukuta mpaka ukuta. "Nyumba hino ni ya saisi. Hilo mwalijua."

Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya Bi Moza, mama yake Silima, ambaye macho yalikuwa yamepungua lakini masikio bado. "Mzee Ngwali, mbona waitajataja nyumba hino, kama wataka kuinunua? Dari inavuja, nakwambia mapema."

Ngwali hakucheka. Alipoondoka, Kazija alichukua sindano akakaa na suruali mapajani. Hakushona. Aliupapasa mshono wa Pandu kwa kidole, akiufuata juu na chini, mpaka adhana ya magharibi ikamwinua.

Rihani alikuwa farasi jike wa Kiarabu, mweupe wa majivu, aliyeletwa kwa meli kutoka Maskati. Kichwa chake kilikuwa kidogo, pua pana, na ngozi nyembamba hata nzi akitua juu ya mgongo ungeiona inatikisika. Alikuwa na mbio na alikuwa na akili, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: maji. Mwaka uliopita alifika ukingoni mwa mto kwa mbio, akasimama ghafla kama aliyeitwa jina, na Pandu akaendelea peke yake mpaka kwenye mawe.

Mchezo wenyewe Bwana Mkuu wa Wilaya, Mzungu, aliuweka katika maonyesho ya kilimo, na matajiri wenye farasi waliupokea kwa hamu. Ulikuwa na sehemu tatu, zote siku moja. Kwanza mwendo wa adabu mbele ya waamuzi, farasi ageuke na kusimama kwa amri. Pili mbio za mashambani, kupita mitaro, magogo na mto. Tatu kuruka fito uwanjani, farasi akiwa ameshachoka. Asiyemaliza zote tatu hahesabiwi.

Kila maji yalipokupwa, Silima alimpeleka Rihani pwani. Hakumpanda. Alivua viatu, akatangulia mbele yake ndani ya maji haba, hatamu zimelegea mkononi, akisoma salawati kwa sauti ndogo. Siku za mwanzo farasi alibaki mchangani akikoroma. Silima hakumvuta wala hakumpiga. Alisimama tu majini, amempa mgongo, akisoma. Siku moja akahisi pumzi ya moto baina ya mabega yake. Rihani alikuwa ameingia, pua yake imegusa fulana ya saisi wake, na miguu yote minne inatetemeka.

Kazija, aliyekuwa amemletea mumewe muhogo na samaki, aliyaona hayo kutoka ukingoni.

"Anaogopa kama mie," alisema Silima alipokuja kula. "Tumekubaliana tuogope pamoja."

"Usifanye mzaha, Baba Mwanapili." Ndivyo alivyomwita, kwa jina la binti yao aliyeolewa Unguja. "Kamwambie Bwana hutaki."

"Halafu mama nimlaze wapi? Nyumba ya kaka yangu watu wanalala mlangoni."

"Bora mama alale mlangoni kuliko mie kukaa eda."

Silima aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe, kisha akatazama maji. "Tumwombe Mungu," alisema.

"Namwomba."

"Basi tosheka." Akainuka, akapukuta mchanga, akarudi kwa farasi wake.

Kazija alibaki na bakuli. Hakuwa mwanamke wa kuacha sala. Hata akiwa safarini aliijua kibla kuliko wanaume wengine. Lakini moyo wake ulimwambia neno alilokuwa na haya nalo: Pandu naye alikuwa akisali. Hofu ina tabia hiyo. Huingia na mtu msikitini, ikakaa safu moja naye.

Kulikuwa na kitu kimoja katika mambo ya farasi yule ambacho kilikuwa cha Kazija. Tandiko la Bwana Othman lilinunuliwa kwa farasi mwingine mnene, na lilimchubua Rihani tangu alipofika. Ni Kazija aliyelitafutia dawa. Alichuma sufi katika msufi ulio nyuma ya nyumba, akaichambua mbegu moja moja, akashona kigodoro cha kitambaa cha marekani cha kuwekwa chini ya tandiko. Kila baada ya muda alikifumua, akaianika sufi juani, akakijaza upya. Tangu siku hiyo mgongo wa Rihani haukupata hata mkwaruzo. Silima alipenda kusema mbele ya watu, "Farasi huyu analalia kitanda kizuri kuliko changu," na Kazija alijifanya hasikii, lakini alisikia.

Maonyesho yalipokaribia, alimwambia mkwewe anakwenda Chokocho kumtazama shangazi yake mgonjwa. Alipanda gari la abiria, kikapu mapajani, na ndani ya kikapu mlikuwa na kuku mweupe aliyefungwa miguu.

Shangazi alikuwa mzima. Kazija alimsalimia, kisha akapita uchochoroni mpaka kwa Fundi Bakar, mwandishi wa hirizi, akampa yule kuku. Mtu huyo alikuwa mpole, mwenye kofia safi na sauti ya chini. Alisikiliza bila kumkatiza, akaandika, akakunja karatasi ndogo ndogo, akaitia katika ngozi ngumu na kuishona kwa uzi wa katani. Hirizi ilikuwa na ukubwa wa kidole gumba.

"Ikae baina ya mpandaji na anayepandwa," alisema. "Na mpandaji asijue. Akijua, imeharibika."

"Na akianguka?"

"Bibi, mie naandika. Anayeinua na kuangusha ni Mungu."

Kazija angeweza kuondoka na jibu hilo peke yake, lilimtosha mtu kurudi nalo nyumbani. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaikamata hirizi.

Siku ya kuamkia maonyesho, Silima alikuwa bandani akimpiga brashi Rihani, na kigodoro kilikuwa jamvini kinangoja kujazwa. Kazija alifumua mshono. Aliisukuma hirizi katikati kabisa, mahali pa mgongo penye sufi nyingi, akajaza tena mpaka kigodoro kikavimba kama mkate wa kumimina. Akabonyeza kwa kiganja. Hakusikia kitu. Akashona.

"Kazija," aliita Bi Moza kutoka kitandani kwake. "Yule kuku mweupe siku hizi simsikii."

"Kachukuliwa na ngawa, mama."

"Lo! Ngawa wa siku hizi. Hupanda gari wakenda Chokocho?"

Kazija alikata uzi kwa meno. Bi Moza akageukia ukuta. "Mungu atusitiri, mwanangu," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

Uwanja wa Chake Chake ulijaa mapema. Wakulima walileta mihogo na ndizi za kuonyesha, wanafunzi waliimba, na bendi ya polisi ilipiga. Wanaume walikaa upande wa hema la mabwana. Wanawake walisimama upande wa pili, nyuma ya kamba, na buibui zao zilishika jua.

Kazija alipata nafasi mbele. Kwa bahati mbaya, jirani yake pale alikuwa Khairiya, mke wa Ngwali.

"Mumeo kapendeza, shoga," alisema Khairiya. "Suruali imemkaa. Mtu hawezi kujua imeshamtupa mmoja."

"Umeamkaje, Khairiya?"

"Mie mzima. Weye ndiye midomo imekukauka. Meza mate, bado hawajaanza."

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama ndoto njema. Silima alikaa wima, mikono imetulia, na Rihani alipita mbele ya waamuzi shingo imepinda kama ya jogoo. Alisimama alipotakiwa kusimama, akageuka alipotakiwa kugeuka. Bwana Othman, mzee mwembamba mwenye joho jeusi, aliegemea kiti chake, akaonekana kupumua. Kazija naye alipumua. Imefanya kazi, alijiambia, na papo hapo akaomba msamaha kwa kusema hivyo.

Kisha wakatoka kwenda mashambani, mmoja mmoja, na huko wanawake hawakuona kitu. Walisikia tu. Kila farasi alipofika mtoni, sauti za watu waliosimama huko zilipanda na kushuka. Kificho, mpandaji wa tajiri mmoja wa Wete, alirudi na matope mpaka kofiani. Farasi wake alikuwa amejikwaa mtoni lakini hakuanguka. Halafu ikawa zamu ya Silima. Kazija alifumba macho akasoma Ya Latifu, kidole kimoja kikibana kingine. Sauti za mtoni zilipanda. Zikakaa juu. Hazikushuka.

"Kavuka!" mtu alipiga kelele. "Wa Mgogoni kavuka maji!"

Kazija alilia, hakujali kama Khairiya anamtazama.

Lakini Rihani aliporudi uwanjani hakuwa yule aliyetoka. Masikio yalikuwa yamelala nyuma. Povu lilikuwa limemjaa kifuani, jasho linachuruzika tumboni, na kila Silima alipokaa chini kwenye tandiko, mgongo wa farasi ulizama kama unamkimbia. Silima aliteremka kwa shida. Alikuwa ameshika mbavu.

"Gogo la mwisho," alimwambia Ngwali aliyekuja mbio. "Alirusha mateke. Karibu anitupe. Hajapata kunifanyia hivi."

Haridas, daktari wa mifugo, alikuja na miwani yake. Alipapasa miguu ya Rihani mmoja baada ya mwingine, akatazama mdomo, akasikiliza pumzi. "Miguu mizima," alisema. "Lakini ana hasira na kitu, Bwana Silima. Sijui nini."

"Kachoka," alisema Ngwali. "Mpe maji kidogo na fimbo kidogo."

"Fimbo simpi."

"Basi mpe maji. Imebaki sehemu moja, Silima. Moja tu. Ukishindwa hapa, bora ungeshindwa asubuhi."

Mambo haya yote yalikuwa mbali kidogo na kamba, lakini Kazija aliyaona. Alimwona Silima akikaza mkanda wa tumbo, na Rihani akigeuza shingo ghafla kutaka kuuma tandiko lenyewe. Kificho, aliyekuwa akipita na farasi wake karibu na wanawake, aliyaona pia, akacheka.

"Farasi wa Mgogoni kama kakalia mwiba," alisema. "Tena mwiba wenyewe kaukalia mgongoni!"

Wanawake walicheka. Kazija hakucheka. Mikono yake ndiyo iliyoelewa kabla ya akili. Mikono yake ilijua sufi ikirowa inakuwaje. Mto wa kulalia wa mtoto mwenye homa, ukiloa jasho, sufi hukimbilia pembeni ikawa madonge, na katikati pakabaki kitambaa kitupu. Asubuhi kigodoro kilikuwa kimejaa, kikavu. Sasa kilikuwa kimelowa jasho la farasi na maji ya mto. Katikati hapakuwa na sufi tena. Palikuwa na ngozi ngumu na uzi wa katani, na juu yake uzito wa mumewe.

Aliona fito zimepangwa, ndefu, moja nyuma ya nyingine. Aliona mawe yaliyozishika. Akaona kitanda cha kamba.

Angeweza kunyamaza. Pengine Silima angemaliza. Zilikuwa fito tu. Akisema, maana yake atasema neno hirizi mbele ya watu wa Chake na Wete na Wazungu, na hapa Pemba neno hilo halisemwi na mtu akarudi nyumbani na jina lake. Wangemwita mchawi. Nyumba ingekwenda. Bi Moza angelala mlangoni.

Mtu wa kupiga kengele ya kuanza alikuwa ameshasimama.

Kazija aliinama akapita chini ya kamba.

"We! Yuenda wapi huyo?" Khairiya alimshika buibui. Ilimvuka kichwani, akaiacha mikononi mwa Khairiya, akaenda na leso yake tu kichwani. Uwanja ulikuwa mpana kuliko alivyodhani. Wanaume walianza kupiga miluzi.

Silima alimwona, uso ukambadilika. "Rudi, Kazija. Si mahali pako hapa."

"Usipande."

"Kuna nini? Mama kapatwa na nini?"

"Mama mzima. Usipande, Baba Mwanapili." Alitaka kumwambia yeye peke yake, kwa sauti ndogo, lakini Ngwali alikuwa ameshafika, na Haridas nyuma yake. "Ndani ya kigodoro mna kitu. Kinamuumiza. Mie nimekitia."

"Kitu gani?" alifoka Ngwali.

Kazija aliitazama ardhi. "Hirizi."

Haridas hakungoja ruhusa ya mtu. Alifungua mkanda, akainua tandiko na kigodoro pamoja. Pale mgongoni nywele nyeupe zilikuwa zimesuguka, na palikuwa na doa jekundu lenye upana wa kiganja, bichi, linatoka damu. Rihani alitetemeka ngozi nzima. Daktari alipasua mshono kwa kisu chake, na hirizi ikaanguka juu ya nyasi mbele ya watu.

Kisha sauti ikatoka upande wa Wete: "Ndiyo maana wa kwetu kajikwaa mtoni! Katufunga!" Na nyingine, na nyingine. "Mchawi! Mtoeni!" Wanafunzi waliacha kuimba. Bwana Mkuu wa Wilaya aliuliza jambo kwa lugha yake, akaelezwa, akautazama mgongo wa farasi, akatikisa kichwa. Farasi mwenye kidonda haruki. Rihani alikuwa ametoka mashindanoni.

Haridas aliinama. Aliiokota hirizi kwa mkono wa kulia, akaipangusa vumbi, akampa Silima kwa mikono miwili. Huyu hakuwa Mwislamu, lakini katika uwanja mzima ndiye peke yake aliyeona kuwa ndani yake huenda mna jina la Mungu.

Bwana Othman alikuja kwa miguu yake, polepole, na watu wakampisha. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Silima. Ulijua?"

"Sikujua, Bwana."

"Nakuamini. Basi sema, watu wakusikie. Sema mwanamke huyu kafanya kwa akili yake, na wewe humo. Kazi yako itabaki, na mama yako atabaki alipo."

Silima alimtazama mkewe. Leso ilikuwa imemteleza, na nywele zake, ambazo zimeanza mvi, zilionekana na kila mtu. Alivua kofia ya kupandia, akaishika kwa mikono miwili pamoja na hirizi.

"Bwana, habari ya hirizi sikuijua. Lakini khofu yake niliijua. Aliniambia pwani, nikamjibu neno moja, nikampa mgongo, nikenda kumbembeleza farasi. Siwezi kusema simo."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri, Bwana."

Bwana Othman alikunja joho lake. "Basi nyumba niachieni. Ngwali, mchukue farasi."

Ngwali alinyoosha mkono kushika hatamu. Rihani alilaza masikio na kufunua meno, na msimamizi akaruka nyuma akakanyaga suruali yake mwenyewe. Mtu mmoja alicheka, kisha wengi.

"Kidonda hiki," alisema Haridas, kama anayezungumza na miwani yake, "kinataka kuoshwa asubuhi na jioni, Bwana Othman. Kisipooshwa kitaingia wadudu, na farasi wa aina hii huwezi kupata mwingine. Nani ataosha?"

Bwana Othman aliinama akakitazama kidonda. Alimtazama Rihani, ambaye alikuwa ameweka pua yake baina ya mabega ya Silima.

"Haya," alisema mwishowe. "Mpaka kidonda kipone. Kikipona, mtoke."

Ikawa hivyo. Silima alimrudisha Rihani Mgogoni kwa miguu, na Kazija akafuata nyuma hatua chache. Walipofika mlangoni, Silima alisema, "Nipe kisu." Walichimba chini ya msufi wakaizika hirizi kwa heshima, na Silima akasoma Fatiha, na Kazija akaitikia amin.

Siku zilizofuata zilikuwa na uchungu wake. Kisimani wanawake waliondoa ndoo zao Kazija alipofika. "Tupishe, bibi," alisema Khairiya, "tusije tukafungwa na sie." Watoto waliokuwa wakija kuomba maembe walipita mbali. Hata mtu aliyeazima kinu chake alikirudisha na kukiweka nje ya mlango, bila hodi.

Asubuhi na jioni Kazija alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akayapeleka bandani. Silima alishika kichwa cha farasi na kumsomea, na yeye akaosha. Mwanzo Rihani alimgeuzia meno. Kazija aliogopa sana, lakini alibaki pale pale na kitambaa chake, mpaka farasi akazoea harufu ya mikono yake. Aliondoa nzi mmoja mmoja. Alipaka dawa aliyoleta Haridas. Kidonda kikaanza kukauka pembeni.

Kila kilipokauka, alihesabu vitu moyoni: kinu, kitanda cha mama, jamvi, sufuria. Wapi vitakwenda?

"Polepole na dawa hiyo, mwanangu," alisema Bi Moza siku moja, akicheka kidogo. "Huoshi kidonda weye. Watufagilia njia ya kutoka."

Ulikuwa mzaha, lakini ulibaki na Kazija. Siku iliyofuata Silima alikwenda kukata majani, naye akabaki peke yake na farasi. Gamba lilikuwa limeshika karibu pote. Upande mmoja lilikuwa limeinuka kidogo, kama ukingo wa jani kavu. Lingevutwa kwa ukucha mmoja tu. Hakuna ambaye angejua. Wangepata siku nyingine za paa juu ya kichwa cha mama mkwe, pengine mwezi, na katika mwezi Mungu huleta mengi.

Kidole chake kilikuwa kimeshafika pale. Rihani aligeuza shingo, akamtazama kwa jicho lile kubwa jeusi, na hakufunua meno. Hakutikisika. Alingoja, kama mtu anayengoja kuoshwa.

Kazija aliurudisha mkono, akaufunga ngumi, akauficha ndani ya leso. "Astaghfirullah," alisema. Akasimama hivyo muda mrefu, paji la uso limeegemea ubavu wa farasi, akiomba. Safari hii hakumwomba Mungu nyumba, wala hakumwomba afya ya mtu. Aliomba asiogope kiasi cha kumuumiza mtu tena. Kisha akalainisha lile gamba kwa mafuta ya nazi ili lisikatike.

Lilianguka lenyewe baada ya siku chache. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, nyororo, na katikati nywele fupi nyeupe kuliko nyingine zote, zikiwa na umbo la kidole gumba. Silima alipitisha kiganja juu yake mara mbili. Ngozi ilitulia.

"Imepona," alisema.

"Naona."

"Ngwali hajaja kukagua tangu juma lililopita. Haji mpaka atumwe." Hakumtazama mkewe. "Tungeweza kukaa kimya."

"Tungeweza."

Rihani alipiga kwato moja sakafuni, akatafuta mfuko wa Silima kwa pua, akitaka tende yake. Silima alimpa. Alingoja mpaka amalize kutafuna, akamfuta mdomo.

"Kanzu yangu iko wapi?" aliuliza.

"Nimeifua. Iko juu ya kamba."

Alipotoka amevaa kanzu na kofia, Kazija alikuwa ukumbini, amepiga magoti, anakunja jamvi. Bi Moza alikuwa amekaa juu ya kitanda chake, mkoba wake wa nguo mapajani, amejifunga leso kama mtu wa safari.

"Mwambie Bwana kimepona," alisema bibi kizee. "Na mwambie dari inavuja. Asije akamdanganya saisi mwengine."

Silima alitabasamu kidogo, akashuka njia ya mikarafuu kuelekea nyumba kubwa ya Bwana. Kazija alisimama mlangoni akamtazama mpaka kanzu nyeupe ikapotea baina ya miti. Aliogopa. Lakini mikono yake ilikuwa wazi, haina kitu ndani, na huku nyuma bandani Rihani alikuwa akilia akimwita mtu wake.